Morris Minor Iliyonyamaza: Uchambuzi wa Kisa cha Valvu Kudidimia kwa Petroli Isiyo na Risasi

Majina ya wahusika, namba ya usajili na mahali zilipo gereji vimeondolewa. Vipimo vilivyotajwa ni vile vilivyoandikwa wakati wa uchunguzi.

Usuli wa gari na wahusika

Gari linalozungumziwa hapa ni Morris Minor 1000 ya milango minne, iliyotengenezwa katikati ya miaka ya 1960, yenye injini ya silinda nne ya mfululizo wa A, sentimita za ujazo 1,098. Mwenye gari ni mwalimu mstaafu anayeishi Nairobi, ambaye alilirithi kutoka kwa baba yake. Kwa miaka mingi gari lilikuwa juu ya mawe nyuma ya nyumba ya familia, hadi alipompata fundi mzee aliyewahi kuyashughulikia magari ya aina hii yalipokuwa bado ya kawaida barabarani, naye akakubali kulifufua.

Kazi ya kulifufua ilifanywa kwa uangalifu. Ringi na beringi ziliwekwa mpya, na valvu, yaani milango midogo ya kuingiza hewa na kutolea moshi, zikasagwa upya kwenye viti vyake hadi zikakaa sawasawa. Dinamo iliondolewa na altaneta ikawekwa mahali pake, jambo lililolazimu betri igeuzwe ili upande wa hasi ndio uunganishwe na bodi badala ya upande wa chanya kama ilivyotoka kiwandani. Pointi, yaani swichi ndogo ya kukata umeme wa cheche, nazo ziliondolewa na kuwekewa kifaa cha kielektroniki ndani ya distributa ileile, inayogawa cheche kwa plagi. Thamostati, yaani kilango kinachodhibiti mzunguko wa maji kulingana na joto, ilitolewa na haikurudishwa, kama wanavyofanya mafundi wengi wa kwetu kwa kuamini kwamba injini ya zamani hupoa vizuri zaidi bila thamostati. Kabureta ya SU, inayochanganya petroli na hewa, ilirekebishwa hapohapo Nairobi mpaka plagi zikatoa rangi ya kahawia nyepesi, ambayo ndiyo dalili ya mchanganyiko mzuri wa hewa na petroli.

Kwa muda mrefu gari lilitumika mwishoni mwa juma tu, kwenda kanisani na kuzunguka mitaa ya jirani, na halikuleta shida yoyote.

Injini hii na petroli iliyokusudiwa

Injini ya mfululizo wa A ilianza kutumika mwaka 1951 katika Austin A30, na iliendelea kutengenezwa kwa ukubwa mbalimbali hadi mwaka 2000. Silinda hedi yake, yaani kifuniko cha juu kinachobeba valvu, ni ya chuma cha kuyeyushwa, na katika matoleo ya zamani viti vya valvu havikuwekwa kama vipande tofauti bali vilichongwa ndani ya chuma chenyewe cha hedi. Wahandisi walifanya hivyo bila wasiwasi kwa sababu petroli ya zama zile ilitiwa madini ya risasi. Risasi iliongezwa kwanza ili kuzuia injini kugonga, lakini ilikuwa na faida ya pili: mabaki yake baada ya mwako yalitandaza utando mwembamba juu ya kiti cha valvu ya kutolea moshi, na utando huo ukazuia uso wa valvu uliopata moto mkali usigandamane na chuma cha kiti kila unapofunga.

Utando huo usipokuwepo, kila valvu inapofunga chembe ndogo sana za chuma cha kiti hunasa kwenye uso wa valvu na kung'oka inapofunguka. Chembe hizo hugeuka kuwa ngumu na kukisaga kiti kama msasa. Kiti kinalika, na valvu inadidimia ndani ya hedi. Kwa kuwa valvu za injini hii zimening'inia juu ya silinda, valvu inapodidimia shina lake hupanda kuelekea roka, yaani mkono unaoisukuma valvu ifunguke, na nafasi iliyoachwa kati ya shina na roka hupungua. Naomba msomaji alishike hili, kwa maana kisa chote kinasimama juu yake: injini inayoharibika kwa namna hii haipigi kelele zaidi, bali hupunguza kelele.

Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuachana na petroli yenye risasi, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 ilikuwa imeondolewa kwenye vituo vya mafuta vya eneo hilo. Uamuzi huo ulikuwa wa haki kabisa, kwa kuwa risasi huharibu ubongo wa mtoto, na hakuna gari la kale lenye thamani ya kuirudisha hewani. Wajibu wa kulinda injini hizi umebaki kwa wenye magari na mafundi wao.

Mfuatano wa matukio

Mwezi Desemba mwalimu alipanga kwenda Mombasa kwenye harusi ya ndugu, na akataka kufika kwa gari la baba yake. Wiki chache kabla ya safari alimlalamikia fundi kuhusu mlio wa tapeti, yaani wa roka kugonga mashina ya valvu, kwa hofu kwamba ungewachosha abiria. Kipimo cha kitabu cha nafasi kati ya shina na roka kwa injini hii ni milimita 0.30 ikiwa baridi, na kwa kipimo hicho mlio mdogo kama wa cherehani ni wa kawaida. Fundi alipunguza nafasi hadi takriban milimita 0.20 kwa valvu zote nane. Mlio ukaisha. Mwalimu anakumbuka maneno yake wakati wa kumkabidhi ufunguo: "Mwalimu, sasa limenyamaza. Nenda salama."

Waliondoka Nairobi alfajiri. Barabara ilikuwa wazi, na gari lilikwenda kati ya kilomita 90 na 100 kwa saa kwa muda mrefu mfululizo. Kwa gia ya juu ya gari hili, mwendo huo unaidai injini mizunguko kati ya takriban 3,400 na 3,800 kwa dakika, ilhali katika safari zake za mjini ilikuwa nadra kuvuka 2,500. Mtito Andei walipumzika na kuongeza petroli, na hapakuwa na dalili yoyote. Baada ya Voi mwalimu aliona kwamba vilima vidogo alivyotarajia kuvipanda kwa gia ya juu vilimlazimu kurudi gia ya tatu. Walipopita Mackinnon Road injini ilianza kutetemeka kila aliposimama, na kwenye eksozi ukasikika mlio wa pumzi zinazokatika, puf, puf, bila mpangilio wa kawaida.

Walifika Mombasa jioni. Kesho yake injini ilikataa kuwaka mpaka iliposukumwa. Fundi wa hapo alibadilisha plagi, kisha koili, kisha akaongeza petroli kwenye kabureta. Injini ilitulia kidogo kwa siku moja, halafu ikarudi palepale. Alipendekeza kwamba kifaa cha kielektroniki cha distributa ndicho kibovu na kwamba gari linaweza kurudi Nairobi polepole. Mwalimu alikataa. Alilipa lori libebe gari hadi nyumbani, akisema kwamba asingeendesha gari asilolielewa katikati ya malori ya barabara ile.

Uchunguzi

Mwandishi alishirikishwa gari lilipofika Nairobi, pamoja na fundi mzee mwenyewe, ambaye hakuona haya kuomba jicho la pili. Tulikubaliana kwamba hakuna nati itakayofunguliwa kabla ya vipimo kuandikwa.

Kompresheni, yaani shinikizo linalofikiwa ndani ya silinda pistoni inapopanda, ilipimwa injini ikiwa na moto, plagi zote zikiwa zimetolewa na kabureta ikiwa imefunguliwa wazi. Silinda ya kwanza ilitoa paundi 125 kwa inchi ya mraba, ya pili 70, ya tatu 60 na ya nne 120. Silinda mbili jirani zilizoshuka kwa pamoja humpeleka fundi yeyote mwenye uzoefu moja kwa moja kwenye gasketi ya hedi, yaani kizibo chembamba kati ya hedi na injini, kwa kuwa gasketi hupenda kuungua kwenye ukuta mwembamba ulio kati ya silinda ya pili na ya tatu. Fundi mzee alidhani hivyo, na kwa ushahidi aliokuwa nao mpaka hapo alikuwa na kila sababu.

Kipimo cha pili kilielekeza kwingine. Matone ya oili yalitiwa ndani ya silinda mbili dhaifu na kompresheni haikupanda, hivyo ringi zikaondolewa kwenye orodha. Kisha hewa ya kompresa iliingizwa kupitia tundu la plagi, pistoni ikiwa juu, mahali ambapo valvu zote mbili zilipaswa kuwa zimefungwa. Lau gasketi ndiyo iliyoungua, hewa ingetokea kwenye tundu la plagi la silinda jirani. Tundu lilikuwa kimya. Hewa ilisikika ikitoka kwenye bomba la eksozi nyuma ya gari, kwa nguvu ya kutikisa karatasi iliyoshikwa pale.

Injini ilipoachwa ikapoa, nafasi za valvu zilipimwa kwa kufuata kanuni ya tisa. Valvu huhesabiwa kutoka upande wa redieta, moja hadi nane; ukitaka kupima valvu ya kwanza unazungusha injini mpaka ya nane iwe imebonyezwa kabisa, ukitaka ya tatu unabonyeza ya sita, na daima namba hizo mbili zikijumlishwa ni tisa. Valvu za kutolea moshi ni ya kwanza, ya nne, ya tano na ya nane. Za kuingiza hewa zote zilikutwa na milimita 0.20, vilevile zilivyoachwa kabla ya safari. Ya kwanza na ya nane zilikuwa zimebaki na takriban 0.10. Kwenye ya nne na ya tano, hata fila ya milimita 0.05, yaani bamba la kupimia nafasi lililo jembamba kuliko karibu yote katika seti, haikupita. Shina lilikuwa limekaa kwenye roka moja kwa moja, na valvu haikuwa na namna ya kufunga.

Hedi ilipong'olewa kila kitu kilionekana kwa macho. Valvu ya tano ilikuwa na pengo lililoungua pembeni, pana kiasi cha kuingia ukucha, na ya nne ilikuwa imezama kuliko jirani zake. Hizo mbili hutoa moshi kupitia tundu moja la katikati, na ndilo sehemu yenye joto kali kuliko zote katika hedi hii. Plagi ziliongeza ushahidi, kwa kuwa zile za awali, zilizokuwa zimehifadhiwa ndani ya buti la gari, zilikuwa nyeupe kama chokaa badala ya kahawia.

Njia tatu zilizojadiliwa

Njia ya kwanza ilikuwa kuweka valvu mpya, kuzisaga, na kutumia dawa ya kuchanganya kwenye petroli badala ya risasi. Ndiyo nafuu kuliko zote kwa siku ya kwanza. Ilikataliwa kwa sababu inategemea mtu kukumbuka kipimo sahihi kila anapojaza tangi, na kwa sababu dawa hiyo haipatikani kwa uhakika katika miji midogo ambako gari linaweza kuhitaji petroli.

Njia ya pili ilikuwa kung'oa injini nzima na kuweka ya Kijapani iliyotumika, ambazo zimejaa katika maduka ya spea ya Nairobi. Jamaa kadhaa wa mwalimu waliishabikia sana, na haina budi kujibiwa kwa heshima, kwa maana magari mengi ya kale yangekuwa chuma chakavu leo lau si injini hizo. Ingetoa nguvu zaidi na spea zake ni rahisi. Lakini injini ya namna hiyo huja na giaboksi yake, vishikizo vyake, pampu yake ya petroli na waya za kompyuta, na chini ya gari hili kuna springi za msokoto zilizofungwa kwenye mhimili wa katikati ambao haukatwi ovyo ili kupisha giaboksi. Mabadiliko ya injini nayo lazima yaandikishwe NTSA, mamlaka ya usalama barabarani na usajili wa magari, ili namba ya injini ilingane na kitabu cha gari. Zito kuliko yote ni breki. Gari hili lina breki za dramu magurudumu yote manne, bila kisaidizi, na mfumo mmoja tu wa mafuta ya breki, kiasi kwamba bomba moja likipasuka magurudumu yote yanapoteza breki. Kuongeza nguvu ya injini kabla ya breki ni kupanga kazi kinyumenyume.

Njia ya tatu, iliyochaguliwa, ilikuwa kuchonga hedi na kupachika viti vya chuma kigumu kwenye valvu nne za kutolea moshi, pamoja na valvu mpya za chuma kinachostahimili joto. Gharama yake ilikadiriwa kuwa chini ya nusu ya ile ya kubadilisha injini, na gari lingebaki jinsi lilivyobuniwa. Valvu za kuingiza hewa hazikuwekewa viti vipya, kwa kuwa hupozwa na mchanganyiko unaopita na haziliki kwa namna ile.

Kazi iliyofanyika

Hedi ilipelekwa kwanza kupimwa nyufa kwa maji yenye shinikizo, maana hedi hizi hupasuka kati ya kiti na kiti, na hakuna faida ya kupachika viti kwenye chuma kilichopasuka. Ilikutwa nzima. Karakana ilichonga vitako kwa kina kilichopimwa ili isivunjwe njia ya maji iliyo nyuma yake, ikagandisha viti vipya kwa baridi, ikaipasha hedi moto na kuvipachika kabla joto halijasawazika. Kiti kikishaingia kwa njia hiyo kinabanwa pande zote hedi inapopoa.

Gereji ilirudisha hedi na gasketi mpya, nati zikakazwa kwa awamu kuanzia katikati kwenda nje hadi paundi-futi 40. Nafasi za valvu ziliwekwa milimita 0.30 bila kujali mlio. Thamostati ya nyuzi 82 ilirudishwa. Hili lilimshangaza mwalimu, naye alieleweshwa kwamba thamostati, hata ikiwa wazi, huyabana maji kiasi na kuyalazimisha yapite hadi nyuma ya hedi, ilhali isipokuwepo maji hupenda njia fupi ya mbele.

Kabureta ilichukua muda mrefu kuliko ilivyodhaniwa. Hewa ya Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, ina shinikizo la takriban asilimia 82 ya lile la pwani. Kabureta iliyopatanishwa juu huku hupata hewa nzito zaidi inaposhuka, na petroli haiongezeki kwa kadiri ileile. Kwa hesabu ya kawaida mchanganyiko wa Mombasa hupungukiwa petroli kwa karibu sehemu moja ya kumi. Mchanganyiko wa namna hiyo huongeza joto la moshi, na joto hilo hubebwa na valvu ya kutolea moshi. SU ina uzuri wake hapa: nati moja yenye pande sita chini ya kabureta hushusha jeti, yaani tundu linalopitisha petroli, na kuongeza petroli. Mwalimu alifundishwa kuizungusha upande mmoja baada ya mwingine na kusoma rangi ya plagi, akafanya zoezi hilo mwenyewe mbele yetu mpaka mikono ikazoea.

Matokeo

Kompresheni baada ya kazi ilikuwa kati ya paundi 130 na 138 kwa silinda zote nne. Nafasi zilipimwa tena baada ya kilomita 500, zikahitaji kurekebishwa kidogo, jambo la kawaida kwa hedi iliyotoka kukazwa. Baadaye mwalimu alirudi Mombasa kwa gari hilohilo. Alilala Voi, akaongeza petroli ya kabureta kabla ya kushuka pwani, na akashikilia mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa, yaani mizunguko 3,000 na kidogo. Aliporudi, valvu za kutolea moshi zilikuwa hazijabadilika kwa kiwango ambacho fila inaweza kuonyesha.

Uchambuzi

Kisa hiki hakina sababu moja, na ndiyo maana kinafaa kusomwa. Viti laini na petroli isiyo na risasi vilikuwepo tangu siku gari lilipofufuliwa, lakini mwendo wa mjini ulikuwa mdogo mno kuvila kwa haraka. Kabla ya hapo kulikuwa pia na akiba ya risasi ya miaka ya zamani iliyobaki kwenye viti. Valvu ziliposagwa upya, kazi nzuri yenyewe iliondoa akiba hiyo na kuacha chuma kitupu. Hakuna aliyekosea hapo kwa maana ya uzembe; ila fundi anayesaga valvu za hedi ya aina hii leo anapaswa kumwambia mteja, siku hiyohiyo, kwamba viti havina tena kinga.

Kupunguza nafasi za valvu hakukuleta ugonjwa, lakini kulifupisha muda wake. Lau zingeachwa kwenye milimita 0.30, pengine valvu ya tano ingefika Mombasa ikiwa na nafasi ndogo iliyobaki, na kuchelewa kuungua. Ombi la mteja kuhusu kelele lilikuwa la haki. Jibu lake lilipaswa kuwa maelezo, si spana. Mwendo mrefu wa mizunguko mingi, kabureta ya nyanda za juu na hedi isiyo na thamostati viliongeza joto juu ya joto, kila kimoja kikiwa kidogo peke yake.

Mfumo wa kielektroniki wa distributa uliposhukiwa Mombasa ulisingiziwa tu kwa sababu ni kitu kigeni ndani ya gari la kale. Huo ni mtego unaojirudia: sehemu iliyobadilishwa hulaumiwa kwanza. Kompresheni ingepimwa siku ile, plagi na koili visingenunuliwa. Uamuzi wa mwalimu wa kulipandisha gari kwenye lori uliokoa pistoni na ukuta wa silinda, kwa kuwa valvu iliyoungua ikiendelea kuendeshwa hukatika kichwa, na kipande kikiangukia ndani hakuna hedi ya kuokoa tena.

Katika ukarabati wenyewe, naona pengo moja lililoachwa. Breki zilitumika kama hoja ya kukataa injini kubwa, lakini zenyewe hazikuguswa. Silinda kuu ya breki katika gari hili imejificha chini ya sakafu ya dereva, mahali ambapo maji na vumbi huifikia na macho hayaifikii, na mfumo bado ni mmoja. Kuugawa uwe na njia mbili ni marekebisho yanayojulikana kwa Morris Minor, na kwa maoni yangu ndiyo yaliyopaswa kufuata mara tu injini ilipopona, hata kabla ya safari ya pili. Mwalimu amelikubali hilo na anasubiri spea zifike.

Kwa sasa anaweka daftari ndani ya gari lenye safu nane, moja kwa kila valvu, na hupima kila kilomita 1,500. Makubaliano yake na fundi ni kwamba safu ya nne au ya tano ikipungua kwa milimita 0.05 kati ya vipimo viwili mfululizo, gari halitoki nje ya Nairobi mpaka kompresheni ipimwe.